Zaburi za Jumanne: Jinsi Kanisa la Seminari Ndogo Lilivyotufundisha Kuimba

Watu wanaponiuliza habari za kwaya ya seminari niliyosoma, huniuliza kuhusu siku kubwa: misa ya mtakatifu somo wa seminari, ujio wa askofu, mahafali ya kidato cha nne, au upadrisho tuliokwenda kuuimbia parokiani. Swali hilo nalielewa, kwa kuwa siku hizo ndizo walizotusikia. Lakini kwaya ile haikutengenezwa siku hizo. Ilitengenezwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, katika kanisa lenye baridi la Nyanda za Juu Kusini, pasipo mgeni hata mmoja, na zaburi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ileile tuliyoisali wiki nne zilizotangulia. Naandika juu ya asubuhi hizo kwa sababu ndizo zinazosahaulika mara shule inapotaka kuwa na kwaya nzuri, na bila hizo sioni kwaya ya shule ya bweni inaweza kusimama juu ya nini.

Kwa msomaji ambaye hakupitia huko, seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni ya wavulana, inayomilikiwa na jimbo au shirika la kitawa. Masomo ni yaleyale ya shule nyingine na mitihani ni ileile ya Baraza la Mitihani, ila malezi yake yanaelekea upadre, na mkuu wake huitwa gombera. Seminari ya Rubya, kule Bukoba, ni mojawapo ya zile kongwe, na ndiko alikopita Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa ukardinali, mwaka 1960. Serikali ilipotaifisha shule nyingi za misheni kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, zikiwamo shule zenye majina makubwa kama Pugu na Minaki, seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Sala haikufa katika shule zilizotaifishwa. Iliingia mikononi mwa wanafunzi wenyewe, kupitia vyama vyao, TYCS kwa Wakatoliki na UKWATA kwa Waprotestanti, na nimesikia kwaya za UKWATA zilizonitoa machozi. Lakini ratiba ya kale, ya kanisani kila siku asubuhi na jioni kwa shule nzima, ilibaki zaidi katika seminari.

Ratiba yetu ilikuwa hivi: masifu ya asubuhi, misa, kisha uji, masifu ya jioni kabla ya chakula, na baada ya prepo, sala ya kulala. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, watawa walizimaliza zaburi zote 150 kila wiki. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, Liturujia ya Vipindi, sala rasmi ya Kanisa ya nyakati za siku, ilipangwa upya na zaburi zikagawanywa katika wiki nne, na kwa mpangilio huo ndivyo tulivyosali. Nyimbo tatu za Injili ya Luka hazikusubiri wiki nne: Wimbo wa Zakaria kila asubuhi, Wimbo wa Bikira Maria kila jioni, Wimbo wa Simeoni kila usiku. Hakuna mwalimu aliyetuagiza kuzikariri, wala hazikuwahi kutoka katika jaribio lolote, lakini kijana wa kidato cha kwanza aliyeingia Januari akiwa ameshika kitabu kwa mikono miwili, ilipofika Juni alikuwa anasali macho yake yakiwa dirishani.

Zaburi tulizisali kwa pande mbili. Benchi za kulia zilisema shairi la kwanza, za kushoto likafuata la pili, na katikati ya kila shairi palikuwa na alama ya nyota iliyotutaka tupumue sote pamoja kabla ya kuendelea. Pumziko hilo ndilo lililokuwa mwalimu wetu wa kwanza wa muziki. Vijana wapya walikuwa na pupa. Walilimaliza shairi mbele ya wenzao, kisha wakabaki wameduwaa huku kaka zao wa kidato cha tano na cha sita, waliokaa nyuma, wakiendelea kwa mwendo uleule wa taratibu. Hakuna aliyewakemea. Nusu nzima ya kanisa ilikuwa inapumua kwa pamoja nyuma ya migongo yao, nao wakajikuta, baada ya wiki chache, wanapumua nayo. Waliokuwa na sauti kubwa walijifunza kuipunguza mpaka waweze kumsikia jirani, na waliokuwa wakinong'ona walijifunza kwamba upande wao ukipwaya, upande wa pili utashindwa kujua mahali pa kuanzia. Nimekutana na walimu wa kwaya za parokia wanaohangaika miaka mingi kuwafundisha watu wazima kuanza pamoja, kukata pamoja na kumsikiliza aliye pembeni. Sisi tulifundishwa hayo kabla ya kifungua kinywa, na wala hatukujua kwamba tunafundishwa.

Siku za sikukuu, na jioni za Jumapili, zaburi hazikusemwa bali ziliimbwa kwa zile toni za kale za Kigregori. Toni hizo ni rahisi sana: nota moja hubeba maneno yote ya sehemu ya kwanza ya shairi, hata yawe mengi kiasi gani, kisha sauti hupanda au kushuka kidogo mwishoni. Maneno ndiyo yanayouongoza muziki. Hapo ndipo niligundua jambo ambalo hadi leo nalitumia kuupima wimbo wowote wa Kanisa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: Bwana, moyo, uzima, nitakushukuru, yote hukazwa mahali palepale. Tenzi nyingi tulizorithi kutoka Ulaya zina muziki unaoanza kwa pigo hafifu na kukaza la pili, kwa sababu zilitungiwa lugha ambazo sentensi zake mara nyingi huanza na neno dogo lisilo na mkazo. Maneno ya Kiswahili yalipobandikwa juu ya muziki huo, waumini wakajikuta wanaimba bwaNA na moYO, na kwa kuwa tumezoea tangu utotoni hatusikii tena kasoro. Toni ya zaburi hailazimishi neno namna hiyo. Mwanafunzi aliyeimba zaburi mwaka baada ya mwaka huwa na sikio linaloshtuka mara moja pale mtunzi alipoweka pigo zito mahali ambapo neno ni jepesi, na naamini ndiyo sababu baadhi ya watunzi wetu bora, ukisikiliza nyimbo zao, huonekana kama waliusema kwanza mstari kwa sauti, wakausikiliza, ndipo wakaandika nota.

Kwaya yenyewe ilifundishwa na frateri, yaani mseminari mkuu aliyetumwa kwetu kwa mwaka wake wa kichungaji. Kila mwaka alikuja mwingine, akiwa na daftari lake la nyimbo na namna yake ya kufundisha, kwa hiyo hatukuwa na mwalimu mmoja wa kudumu kama ambavyo mtu angedhani. Kilichodumu ni wanafunzi wenyewe. Aliyeshika desturi za kwaya alikuwa kiranja wa kwaya, aliyezipokea kwa kiranja wa kabla yake, naye frateri mwenye busara alianza kwa kumwuliza huyo kijana kwaya inajua nini na imezoea nini.

Nota zetu zilikuwa za solfa: d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huu ulianzia Uingereza katika karne ya 19, pale Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, alipobuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi, naye mchungaji John Curwen akaiboresha na kuisambaza kwa watu wa kawaida waliokuwa hawana uwezo wa kulipia masomo ya muziki. Wamisionari waliileta Afrika na ikakaa. Sababu moja ya kukaa kwake ni ya kiuchumi kabisa: wimbo wa sauti nne unaweza kuandikwa wote kwa taipureta ya kawaida, bila karatasi yenye mistari mitano wala mtambo maalumu wa kuchapia. Mstari wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutangulia pigo hafifu, kistari huiendeleza sauti, na nukta moja hugawa pigo katikati. Frateri aliandika ubaoni, sisi tukanakili kwenye daftari, na kwa kunakili tu mtu alikuwa ameshauelewa wimbo nusu yake.

Mazoezi ya frateri mmoja nayakumbuka kwa undani zaidi kuliko ya wengine wote. Alikuwa na kifilimbi kidogo cha kutolea sauti, na alikipuliza mara moja tu, akitupa d peke yake. Kila sauti ilipaswa kutafuta nota yake ya kuanzia kwa kuhesabu kichwani, besi wakishuka hadi s ya chini, alto wakipanda hadi m. Tulianza wimbo kwa solfa tupu, sauti moja moja, kisha mbili mbili, na hakuruhusu maneno mpaka nota zikae. Baada ya hapo aliwavuruga waimbaji makusudi: besi mmoja kati ya soprano wawili, alto karibu na teno, kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na mwenzake wa kumwegemea. Mara ya kwanza tulipojaribu hivyo na Utuhurumie ya sauti nne, wimbo ulivunjika kwenye mstari wa pili. Alitusimamisha, akasema kwa upole, "Besi, msinitazame mimi, isikilizeni teno," kisha akatoa d upya. Wimbo ulipokwisha, alipuliza tena kifilimbi ili tujue kama tumeshuka. Tulikuwa tumeshuka, karibu nusu toni, naye akatuonyesha mahali hasa: ile m ya alto, ambayo ilikuwa ikiimbwa chini kidogo kila ilipojirudia, na wengine wote wakaifuata ilikokwenda.

Kuna jambo moja la kwaya ya wavulana ambalo wageni hawalifikirii. Soprano wetu walikuwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, na sauti ya mtoto wa kiume haidumu. Wakati wowote katika miaka hiyo miwili hubadilika, na mwalimu asiyejali anaweza kuiharibu kwa kumlazimisha kijana kupanda asikoweza kufika tena. Desturi yetu ilikuwa kumhamishia alto mara tu alipoanza kukwaruza, kumpumzisha kabisa sauti ilipokuwa haieleweki, akawa anageuza kurasa za mpiga kinanda au kunakili nota, na kumpokea tena akiwa teno au besi. Kwa sababu hiyo, kijana aliyedumu kwenye kwaya hadi kidato cha nne alikuwa ameziimba sauti tatu za nyimbo zilezile. Aliujua Utukufu kwa sauti ya juu aliyoanzia, kwa sauti ya kati aliyopitia, na kwa ile ya chini aliyoishia. Sijaona elimu ya muziki iliyo kamili kuliko hiyo kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la muziki, na ilitokana na maumbile ya miili yetu pamoja na desturi ya kutomfukuza mtu kwaya eti kwa sababu sauti yake imekatika.

Ngoma, manyanga na kayamba zilikuwapo Jumapili na sikukuu, nasi tulizipiga kwa furaha ya kweli. Wazee waliosoma kabla ya Mtaguso walitusimulia kwamba wao hawakuruhusiwa hata kuigonga ngoma karibu na kanisa. Mabadiliko yalianza kabla Roma haijasema: mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, wanafunzi na walimu wa shule chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, waliimba misa ya Kilatini kwa mitindo ya Kongo, ile iitwayo Missa Luba, na mwaka uleule wakaipeleka Ulaya, na hapa kwetu Padre Stephen Mbunga alikuwa akitunga misa ya Kiswahili yenye muziki wa Kiafrika. Tarehe 4 Desemba 1963 ikatoka hati ya Mtaguso juu ya liturujia, ambayo katika kifungu cha 119 inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahili. Kilatini nacho hakikuondoka. Tuliimba Misa ya Malaika siku za sherehe, na Salve Regina usiku baada ya Wimbo wa Simeoni, taa zikiwa zimebaki mbili tu altareni. Sikuwahi kuona ugomvi kati ya hivyo viwili, wala sielewi kwa nini leo watu wazima hugombana juu yake.

Kipimo cha mwaka mzima kilikuwa Juma Kuu, kwa kuwa seminari yetu haikuturuhusu kwenda nyumbani kabla ya Pasaka. Katika misa ya Alhamisi Kuu, kengele zote hulia wakati wa Utukufu, kisha hunyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, na katika muda huo kinanda hakipigwi isipokuwa pale tu kinapohitajika kuusaidia uimbaji. Shuleni kwetu hakikuguswa kabisa. Hata kengele ya kuamkia ilibadilishwa: mwanafunzi alipita mabwenini akigonga kibao. Kwa siku hizo mbili kila wimbo, pamoja na ule wa Mtakatifu Thoma wa Akwino unaoimbwa Sakramenti ikipelekwa mahali pa kuabudia, ulitegemea sauti za watu peke yake. Hapo hapakuwa na pa kujificha. Ikiwa Jumanne na Alhamisi za Februari tulikuwa tumesinzia, Ijumaa Kuu ilitoa taarifa. Na ikiwa tulikuwa tumesali kwa makini, basi wimbo uliinuka kutoka benchi zote na si kutoka kwaya tu, kwa kuwa wale wasio wanakwaya nao walikuwa wamefundishwa na zaburi zilezile. Katika Mkesha, kabla hata taa za kanisa hazijawashwa zote, frateri aliimba peke yake Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu usio na kinanda wala kiitikio cha kumpumzisha, na vijana wa kwaya walikuwa wanajua toni yake kiasi cha kutambua mahali alipovuta pumzi.

Siku hizi hupata nafasi ya kutembelea seminari na shule nyingine za bweni za Kanisa, na kile ninachokiona kinanihuzunisha kwa sababu wanaokifanya wana nia njema. Kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa tayari kinapigwa kila misa, hata ya Jumatano. Waimbaji sita wanasimama mbele na vipaza sauti, na shule nzima inawasikiliza. Nyimbo hufundishwa kwa simu: mwalimu anapata rekodi, kila sauti inasikiliza sehemu yake mpaka iishike, na baada ya wiki moja wimbo uko tayari. Ni haraka, na kwa masikio ya wageni matokeo huwa mazuri. Lakini kijana aliyefundishwa kwa rekodi amejua wimbo mmoja, ilhali aliyefundishwa solfa amepewa ufunguo wa nyimbo zote, zikiwamo zile ambazo bado hazijatungwa. Nao mtandao wa Swahili Music Notes umejaa nota za watunzi wetu, ambazo mtu anaweza kuzipata akiwa kijijini kwake ilimradi ana simu. Ni hazina ambayo sisi tungeililia, na inahitaji tu mtu ajuaye kusoma.

Shule ya bweni ina kitu ambacho kwaya ya parokia hutamani bila kukipata: watu walewale, mahali palepale, kila siku. Mwalimu wa parokia huwabembeleza waimbaji wake waje jioni mbili kwa wiki, na mvua ikinyesha anaimba na watatu. Shuleni, mamia ya vijana tayari wako kanisani kabla jua halijachomoza. Wengi wetu tuliotoka kule hatukuwa mapadre. Ni walimu, wahasibu, wauguzi, madereva, na karibu kila parokia niliyohamia nimemkuta mmoja wetu akiongoza kwaya au akifundisha besi kwenye jumuiya.

Kwa magombera na walimu wanaosoma hapa, ninayoomba hayahitaji bajeti. Kinanda kipumzishwe katika misa za siku za wiki, walau kwa muhula mmoja, na vipaza sauti vibaki kwa padre na wasomaji. Solfa ifundishwe kwa kidato cha kwanza chote katika muhula wa kwanza, si kwa wanakwaya peke yao. Pumziko la katikati ya shairi lirudishwe mahali ambapo limeliwa na haraka ya kuwahi uji. Na ifikapo Septemba, kabla kidato cha nne hakijazama katika mitihani ya Novemba na kuondoka na besi yote, kila besi na kila teno wa mwaka wa mwisho apewe kijana mmoja wa kidato cha pili wa kusimama naye bega kwa bega, wakishika daftari moja, hadi siku ya mahafali.